Wi-Fi imeshika, anwani haipo: mwongozo kamili wa kurekebisha ugawaji wa anwani kwenye ruta ya nyumbani

Kuna hitilafu moja ya mtandao wa nyumbani ambayo humchanganya mtu kuliko hata kukatika kabisa kwa intaneti. Simu inaonyesha alama ya Wi-Fi ikiwa imejaa, nenosiri limekubaliwa, taa za ruta zinawaka kama kawaida, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Au simu inabaki ikizunguka kwenye ujumbe wa kutafuta anwani ya IP, inashindwa, kisha inaanza upya. Wengi wetu tukifika hapo hutafuta sindano au njiti ya kiberiti na kubonyeza kile kitundu cha nyuma ya ruta hadi taa zote zizime. Wakati mwingine hilo husaidia. Lakini mara nyingi hufuta pia jina na nenosiri ambalo ruta ilikuwa ikilitumia kujitambulisha kwa mtoa huduma, na tatizo dogo la chumba kimoja huwa tatizo la nyumba nzima, likimsubiri fundi hadi Jumatatu.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Kabla ya kugusa kitu chochote, soma anwani ambayo kifaa kimepewa au kimejipa chenyewe, kwa sababu tarakimu zake za mwanzo peke yake hutosha, katika hali nyingi, kuonyesha kosa liko wapi: kwenye kifaa, kwenye ruta, kwenye ruta ya pili ambayo mtu aliichomeka bila kukuambia, au kwa mtoa huduma.

Jinsi anwani inavyopatikana

Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao wa nyumbani huhitaji anwani yake, yaani namba ya kukitambulisha, na mgawaji wa anwani hizo ni ruta, kwa kutumia utaratibu unaoitwa DHCP, ambao kanuni zake zinazotumika hadi leo zilichapishwa mwaka 1997. Mazungumzo yake ni mafupi na yana awamu nne. Kwanza kifaa, ambacho bado hakimjui mtu yeyote, hupaza sauti kwa wote waliomo kwenye mtandao kikiuliza nani anagawa anwani. Ruta hujibu kwa kutaja anwani iliyo wazi, tuseme 192.168.1.57. Kifaa hujibu kwamba kinaiomba hiyo hiyo. Ruta huthibitisha, na pamoja na uthibitisho hutuma taarifa nyingine tatu muhimu: maski ya mtandao, inayoonyesha ni sehemu gani ya anwani inayoutambulisha mtandao na ambayo nyumbani kwa kawaida ni 255.255.255.0, anwani ya lango la kutokea, yaani ruta yenyewe, na anwani ya seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Yote haya hupita kwenye milango namba 67 na 68 ya UDP, mojawapo ya njia za kutuma data mtandaoni, na kwa kawaida humalizika kabla hujaweka simu mezani.

Jambo la kushika hapa ni kwamba anwani haitolewi moja kwa moja, bali hupangishwa. Kifaa ni mpangaji mwenye mkataba wa muda maalumu. Nusu ya muda ikifika, mpangaji humwendea mwenye nyumba wake kuomba aongezewe. Asipojibiwa, ikifika asilimia 87.5 ya muda humwomba mgawaji yeyote anayesikia. Kwa mkataba wa saa 24, maana yake ni saa ya 12 na saa ya 21. Ndiyo maana hitilafu nyingine hazionekani mara tu baada ya kitu kuharibika, bali huja nusu siku baadaye, wakati ambapo hakuna mtu anayekumbuka kilichobadilishwa asubuhi.

Hatua ya kwanza: soma anwani na uiandike

Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, kisha tafuta sehemu ya kadi inayotumika, iwe ya Wi-Fi au ya waya. Andika kwenye karatasi anwani ya IPv4 (ile ya namba nne, kama 192.168.1.57), maski, lango, seva ya DNS, na hasa anwani ya seva ya DHCP, kwa maana huo mstari wa mwisho utakuja kuwa shahidi muhimu kuliko yote. Kwenye Linux, amri za ip addr na ip route zinatosha. Kwenye Mac, amri ya ipconfig getpacket en0 huonyesha majibu yote ya ruta, ikiwa Wi-Fi yako ndiyo en0. Kwenye simu ya Android, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa na uteremke hadi kwenye maelezo yake. Kwenye iPhone, gusa alama ya herufi i iliyo kando ya jina la mtandao.

Ukiona anwani ndefu inayoanza na fe80, usihangaike nayo. Hiyo ni ya IPv6, toleo jingine la anwani, kila kifaa hujitengenezea chenyewe, na kuwepo kwake hakuthibitishi wala hakukanushi lolote kuhusu hitilafu hii.

Hatua ya pili: isome namba kama ushahidi

Anwani ikianza na 169.254, kifaa kilipaza sauti na hakikujibiwa. Windows, Mac na iPhone hujipa anwani ya aina hii zenyewe zinaposhindwa kupata mgawaji, na haiwezi kukufikisha kwenye intaneti hata ikiwa Wi-Fi imejaa. Android kwa kawaida haijipi. Hujaribu, hushindwa, hukata muunganisho na kujaribu tena, na kwa hiyo mtu mwenye Android na mwenye iPhone wataeleza dalili mbili tofauti za ugonjwa mmoja.

Anwani ikiwa ya nyumbani lakini si ya familia uliyoizoea, yaani namba tatu za mwanzo ni tofauti, kwa mfano ruta yako iko 192.168.1.1 na kifaa kimepata 192.168.0.104, kuna mgawaji mwingine ndani ya nyumba. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya ruta mbili.

Anwani ikiwa sahihi, lango likiwa sahihi, lakini kurasa hazifunguki, ugawaji wa anwani hauna kosa na utapoteza muda ukiendelea kuuchokonoa. Jaribu amri ya ping, ambayo huuliza kama anwani fulani inajibu, kwa anwani ya lango, kisha kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya DNS ya Google, kisha kwa jina la tovuti yoyote. Lango lisipojibu, shuku mgongano wa anwani, ambao una sehemu yake hapa chini. Lango likijibu na 8.8.8.8 isijibu, tatizo liko upande wa mtoa huduma, au kifurushi kimekwisha, jambo ambalo inafaa kulihakiki kabla ya kufungua ruta. Zote mbili zikijibu na jina likashindwa, tatizo ni DNS.

Hatua ya tatu: ni kifaa kimoja au ni vyote?

Swali hili linaonekana dogo, lakini hupunguza kazi kwa nusu. Chukua kifaa cha pili, ikiwezekana cha aina tofauti, na ukiunganishe. Halafu chukua kompyuta na uichomeke kwenye ruta kwa waya, katika mojawapo ya matundu ya LAN, yale ya vifaa vya ndani ya nyumba. Waya ukipata anwani na Wi-Fi isipate, mgawaji yuko hai na kosa liko kwenye upande wa Wi-Fi. Kuizima na kuiwasha ruta kwa njia ya kawaida, bila sindano, kunaweza kutosha. Waya nao ukikosa, ruta yenyewe haigawi. Na kama vifaa vyote vinapata isipokuwa kimoja, iache ruta kabisa na ushughulike na hicho kimoja.

Kifaa kimoja kinapokataa

Anza kwa kuifanya simu iusahau mtandao huo kisha uuunganishe upya kwa kuandika nenosiri. Kwenye Windows, ipconfig /release ikifuatwa na ipconfig /renew huiachia anwani ya zamani na kuomba nyingine. Kama /renew inakaa muda mrefu na kurudi na ujumbe wa kushindwa, hakujibiwa. Kama inarudi mara moja na anwani ile ile mbaya, yupo anayejibu, nawe unatakiwa kumjua ni nani.

Kisha angalia kama kifaa kimewekewa anwani ya kudumu kwa mkono. Hili hutokea sana kwa kompyuta mpakato zilizowahi kutumika ofisini, ambako mtu wa kompyuta aliandika anwani fulani miaka miwili iliyopita, na mashine ikaja nyumbani ikiwa bado inaishi kwa sheria za ofisi. Katika sifa za kadi ya mtandao, rudisha IPv4 kwenye hali ya kupata anwani yenyewe, na DNS vilevile. Zima pia programu ya VPN na ile ya ulinzi kwa muda wa jaribio, kwa kuwa baadhi yake huzuia hata mazungumzo ya milango 67 na 68.

Kwa simu kuna jambo la ziada. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hazijitambulishi tena kwa anwani yao halisi ya MAC, ile ya jozi sita iliyoandikwa kiwandani, bali hubuni ya bandia kwa kila mtandao ili zisifuatiliwe. Ni jambo jema kwenye Wi-Fi ya hoteli. Nyumbani, hata hivyo, ikiwa uliihifadhia simu anwani maalumu ndani ya ruta au uliiruhusu kwa orodha ya MAC, ruta haitaitambua, kwa sababu jina lililo kwenye orodha si jina inalojiita leo. Ama uzime MAC ya bandia kwa mtandao huo mmoja wa nyumbani, ama uandike upya orodha kwa kutumia hiyo mpya.

Kuingia ndani ya ruta wakati huna anwani

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu ili urekebishe ugawaji wa anwani unahitaji kuifikia ruta, na ili uifikie unahitaji anwani. Njia ya kutoka ni kujipa anwani mwenyewe kwa muda. Chomeka kompyuta kwa waya, na katika sifa za IPv4 andika anwani ya familia moja na ruta. Kama ruta ni 192.168.1.1, jipe 192.168.1.250, maski 255.255.255.0, na lango 192.168.1.1. Fungua kivinjari na uandike http:// ikifuatiwa na anwani ya ruta.

Anwani ya ruta mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini yake. Kibandiko kikiwa kimefutika, kuna chache za kujaribu: 192.168.1.1 na 192.168.0.1 kwa ruta nyingi za kawaida, zikiwemo za TP-Link, Tenda na ZTE; 192.168.100.1 kwa vifaa vingi vya Huawei vya nyuzi za mwanga, 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu, na 192.168.88.1 kwa MikroTik. Kumbuka kubadilisha anwani uliyojipa ifanane na ile unayojaribu kila mara. Ukifanya kazi hii kwa simu badala ya kompyuta, zima kwanza data ya laini, kwa maana simu ikiona Wi-Fi haina intaneti hupeleka maombi yako kwenye laini kimyakimya, nawe utabaki ukidhani ruta imekufa.

Ukimaliza kazi yote, rudisha kompyuta kwenye hali ya kupata anwani yenyewe. Niandikapo sentensi hii ninajisema mwenyewe; nimewahi kuisahau na kurudi wiki moja baadaye kutafuta hitilafu niliyoiweka kwa mkono wangu.

Hatua ya nne: ukurasa wa DHCP

Ndani ya ruta tafuta sehemu ya LAN, na ndani yake ukurasa wenye jina DHCP. Mambo matatu yakaguliwe.

La kwanza ni kama ugawaji umewashwa. Usione ni swali la kitoto. Mtu aliyekuwa akijaribu kuunganisha ruta mbili anaweza kuwa aliuzima kwenye ile isiyotakiwa kuzimwa.

La pili ni ukubwa wa safu, yaani anwani ya mwanzo na ya mwisho inayoruhusiwa kugawiwa. Kutoka 192.168.1.100 hadi 192.168.1.119 ni anwani 20 tu, na hizo huisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Hesabu simu za watu wazima na za vijana, kompyuta mpakato mbili, runinga, king'amuzi, printa, kamera nne na kinasa chake, kisha uongeze simu za wageni waliopita jana na ambao mikataba yao haijaisha, kwa kuwa kuondoka nyumbani hakuirudishi anwani papo hapo. Siku ya arusi au ya msiba, nenosiri likishasambaa uani, safu ya namna hiyo hukauka kabla ya adhuhuri, na mwathirika huwa mtoto wa nyumba aliyerudi jioni akikuta hakuna nafasi. Dalili yake ni ya pekee: vifaa vilivyokuwemo tangu zamani vinafanya kazi vizuri, na kila kinachokuja kipya kinakosa. Ipanue safu iwe, kwa mfano, kutoka 50 hadi 199, ambayo ni anwani 150. Kwa maski ya 255.255.255.0 mtandao mzima una nafasi 254, kwa hiyo hakuna sababu ya ubahili.

La tatu ni muda wa mkataba. Kwa nyumba tulivu saa 24 zinafaa. Kwa nyumba yenye wageni wengi au wapangaji wanaobadilika, saa mbili ni bora, kwani anwani za walioondoka hurudi mapema. Sioni faida ya kushuka chini ya hapo nyumbani. Unaongeza tu maombi ya kuhuisha mikataba, na ruta ikizimika kwa muda mfupi vifaa vingi zaidi vinakutwa mikataba ikiishia.

Tahadhari moja kuhusu ruta ndogo za laini ya simu, zile za kubeba mfukoni: nyingi huwa na kikomo cha idadi ya vifaa, mara nyingi kumi au zaidi kidogo, na kikomo hicho hakiondoki kwa kupanua safu ya anwani.

Ruta mbili, wagawaji wawili

Ningetakiwa kutaja sababu moja tu ya hitilafu za anwani katika nyumba zetu, ningetaja hii. Nyumba ya mbele ina ruta ya mtoa huduma. Vyumba vya uani havipati Wi-Fi. Mtu anapata ruta ya zamani, anavuta waya kutoka nyumba ya mbele, anauchomeka kwenye tundu lolote lililo wazi la ile ya zamani, na inaonekana kufanya kazi. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya jirani yenye mpangilio huo huo, ambako malalamiko yalikuwa kwamba intaneti hupatikana asubuhi na kupotea usiku, na kila mtu alikuwa na maelezo yake: mvua, mtoa huduma, hata mti wa mwembe uliokuwa kati ya nyumba mbili. Kompyuta ya nyumba ya mbele, iliyokaa mita mbili kutoka ruta yake, ilikuwa na anwani 192.168.0.112 wakati ruta hiyo ilikuwa 192.168.1.1. Ilikuwa imepangishwa na ruta ya uani.

Kilichotokea ni hiki. Waya ulipochomekwa kwenye tundu la LAN la ruta ya pili, mitandao miwili ikawa mmoja, na ndani yake mkawa na wagawaji wawili, kila mmoja akijiona ndiye mwenye nyumba. Kifaa kinapopaza sauti, wote wawili hujibu, na kwa kawaida anayewahi ndiye anayepokelewa. Ruta ya pili ikiwahi, hutoa anwani ya familia yake na kujitaja yenyewe kuwa lango, ilhali haina njia ya kutokea. Kwa kuwa mshindi hubadilika kutegemea nani ana shughuli nyingi wakati huo, tatizo huja na kuondoka bila mantiki inayoonekana.

Kumthibitisha mgeni ni rahisi. Mstari wa seva ya DHCP katika ipconfig /all utaonyesha anwani yake. Kisha andika arp -a na utafute anwani hiyo. Mbele yake kuna MAC, ambayo jozi zake tatu za mwanzo kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji, nawe utajua kama unatafuta kisanduku cha kampuni gani ndani ya nyumba. Usipokuwa na subira ya hayo, chomoa waya unaokwenda uani, omba anwani upya, na uone.

Tiba iko ya namna mbili. Ninayoipendelea ni kuifanya ruta ya pili iwe kisambazaji tu. Itenganishe na mtandao, chomeka kompyuta kwenye tundu lake la LAN, ingia ndani yake, na ubadilishe anwani yake ya LAN iwe ya familia ya ruta kuu lakini nje ya safu inayogawiwa, tuseme 192.168.1.2. Itajiwasha upya, ingia tena kwa anwani hiyo mpya. Sasa zima DHCP, weka jina na nenosiri la Wi-Fi, hifadhi, na ndipo uchomeke waya kutoka LAN ya ruta kuu hadi LAN ya ruta hii, ukiliacha tundu la WAN, lile la kupokea intaneti kutoka nje, likiwa tupu. Fuata mpangilio huo huo wa kazi. Ukizima DHCP kabla ya kubadilisha anwani, utajikuta huwezi kurudi ndani bila kujipa anwani kwa mkono. Ruta nyingi za miaka ya karibuni zina hali maalumu ya kisambazaji ambayo hufanya yote haya kwa kubofya mara moja, na ikiwepo itumie.

Namna ya pili ni kuuchomeka waya kwenye tundu la WAN la ruta ya pili na kuiacha igawe anwani zake yenyewe. Inafaa ukitaka wapangaji wasizione printa na kompyuta za nyumba ya mbele kirahisi wanapotazama majina ya vifaa vya mtandao, ingawa si ukuta kamili. Sharti lake ni kwamba familia za anwani ziwe tofauti: kama ruta kuu ni 192.168.1.1, ya pili iwe 192.168.2.1. Zote mbili zikiwa 192.168.1, ruta ya pili haitajua 192.168.1.1 iko upande wa ndani au wa nje, na vifaa vyake vitakuwa na anwani nzuri zisizokwenda popote.

Ukiwa hapo karibu na waya, hakikisha hakuna kebo moja iliyochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi moja ya mtandao, yaani kisanduku cha kuunganisha vifaa vingi kwa waya. Mzunguko wa namna hiyo huujaza mtandao makelele, na maombi ya anwani, kwa kuwa hupigwa kwa sauti kwa wote, huwa ya kwanza kumezwa.

Anwani moja, vifaa viwili

Fundi wa kamera humaliza kazi, na kwa kutaka kinasa kipatikane daima, hukipa anwani ya kudumu 192.168.1.100 bila kuangalia kwamba ruta huanza kugawa hapo hapo. Huenda miezi ikapita salama, kwa kuwa ruta yenyewe imeshawagawia wengine na haijarudia ile namba. Kisha umeme unakatika. Ruta nyingi za nyumbani huweka daftari la wapangaji kwenye kumbukumbu isiyodumu, kwa hiyo umeme unaporudi huamka zikiwa hazikumbuki nani alipewa nini, na kuanza kugawa upya kutoka mwanzo. Simu ya kwanza kuingia inapewa 100, na sasa simu na kinasa vinagombea nyumba moja. Kompyuta zilizounganishwa kupitia swichi yenye betri ya akiba zina balaa la ziada: waya wao haukukatika, hivyo hazijui kama ruta ilizimika, na huendelea kushikilia anwani ambazo ruta inaziona ziko wazi.

Dalili ni muunganisho unaopatikana na kukatika kila baada ya sekunde kadhaa, au ujumbe wa Windows kwamba anwani imeshatumika. Jaribio la kuaminika ni kukitoa kifaa kinachosumbuka kwenye mtandao, kisha kutoka kifaa kingine uipigie ping anwani ile ile kiliyokuwa nayo. Ikijibu wakati mwenyewe hayupo, kuna mwingine ndani.

Kuliondoa tatizo kwa kudumu kunahitaji mpango, nao unaingia kwenye karatasi moja. Acha namba 1 iwe ya ruta. Kutoka 2 hadi 9 ziwe za visambazaji na swichi. Kutoka 10 hadi 49 ziwe za vitu vinavyohitaji anwani ya kudumu, yaani printa, kinasa na kamera. Kutoka 50 hadi 199 iwe safu ya kugawiwa. Kwa vifaa vya kundi la tatu, badala ya kuandika anwani ndani ya kila kifaa, ni bora kutumia sehemu ya ruta ya kuhifadhi anwani, ambapo unaioanisha MAC ya printa na 192.168.1.10 na kuiacha printa iombe kama wengine. Ruta nyingine hukataa kuhifadhi anwani iliyo nje ya safu. Kwa hizo, panua safu na uhifadhi ndani yake. Siku utakapobadilisha ruta, utaandika orodha mara moja mahali pamoja badala ya kupanda ngazi kwenye kila kamera.

Ruta yenyewe ikikosa anwani

Ruta nayo ni mpangaji kwa mtoa huduma. Katika ukurasa wa hali yake, tazama anwani ya WAN. Ikiwa ni 0.0.0.0, haijapewa kitu. Kwa huduma ya nyuzi za mwanga, angalia taa ya LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki na hakuna mpangilio utakaousaidia. Taa ikiwa salama, angalia kama WAN inatakiwa kuwa PPPoE yenye jina na nenosiri, au ya kupata anwani yenyewe, kwani kuchanganya hizo mbili huzaa sifuri hizo hizo. Ukiwa umebadilisha ruta hivi karibuni, baadhi ya watoa huduma huifunga huduma kwa MAC ya ruta ya kwanza. Ama uwaombe waiachie, ama utumie sehemu ya kunakili MAC ndani ya ruta mpya.

Anwani ya WAN ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hakuna kosa. Mtoa huduma anawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa sababu IPv4 ina jumla ya anwani bilioni 4.29 hivi kwa dunia nzima na hazitoshi. Utavinjari kama kawaida, lakini kamera za nyumbani hazitafikiwa kutoka nje kwa kufungua milango ya ruta. Na ikiwa WAN inaanza na 192.168, kisanduku cha mtoa huduma kilicho mbele yake nacho ni ruta, na kanuni ya familia mbili tofauti iliyotajwa juu inahusika hapa pia.

Kitundu cha sindano

Kama yote yameshindikana, ndipo kitundu hicho kipate zamu yake. Kwanza piga picha ya ukurasa wa WAN, ikiwemo aina ya muunganisho, jina la PPPoE na namba ya VLAN kama ipo, kisha ukurasa wa LAN na wa Wi-Fi. Nenosiri la PPPoE huonekana kama vidoti, hivyo liombe kwa mtoa huduma kabla ya kufuta, wakati simu bado ina salio na ofisi iko wazi. Bonyeza kwa sekunde kumi hivi huku ruta ikiwa imewashwa. Lakini kama kisanduku ni kile cha nyuzi za mwanga alichokiweka mtoa huduma, usikibonyeze bila kumuuliza. Baadhi ya visanduku hivyo hupoteza usajili wake na haviwezi kurudi bila yeye.

Mtandao ukishasimama, ujaribu kwa njia ile ile itakayokuja kuuangusha. Zima umeme wa vifaa vyote kwa dakika moja, washa kisanduku cha mtoa huduma kwanza, subiri taa zake zitulie, washa ruta, kisha swichi na visambazaji, na mwisho printa na kinasa. Fungua orodha ya wapangaji ndani ya ruta na uilinganishe na karatasi yako. Irudie kesho saa kama hizo, baada ya kila mkataba kuwa umehuishwa angalau mara moja, kisha bandika karatasi hiyo ubavuni mwa ruta, mahali ambapo fundi wa kamera ataiona kabla ya kuchagua namba.